Daraja la Upana wa Fahali

Jumanne, tarehe 12 Mei 1964. Asubuhi jua lilitoka safi na umande ukakauka mapema; adhuhuri mawingu yalijikusanya upande wa msitu, na baada ya chakula cha mchana mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati ya mji mzima wa Kakamega.

Siku hiyo Hezekiah Liyayi, mkulima wa Shirere, alivaa koti lake la harusi, akaweka vijiti sita ndani ya mfuko wa ndani, akaenda kubishana na sheria.

Watu walimjua Hezekiah kabla hajawa diwani. Katika vijiji vyote vya ukingo huu wa mto Isiukhu, mtu akitaka kuoza binti yake alikuwa akimtafuta yeye kwanza, halafu ndipo amtafute bwana harusi. Ndiye aliyekuwa msemaji wa mahari. Alikuwa mfupi, kifua kama pipa, na alikuwa na kicheko kilichotangulia mwili wake kuingia nyumbani. Kazi yake aliifanya kwa vijiti: kila kijiti ng'ombe mmoja. Anavipanga vyote mezani, wageni wanashtuka, mama wa bwana harusi anashika kichwa, halafu jioni nzima inapita vijiti vikiondolewa kimoja kimoja kwa mizaha na manung'uniko, mpaka vinabaki vile ambavyo kila mmoja alijua tangu asubuhi kwamba vitabaki. Kwa binti yake mwenyewe, Jescah, upande wake ulianza na thelathini ukamaliza na kumi na tatu. Uchaguzi ulipokuja na Uhuru, watu walisema mtu wa namna hii asiachwe kukaa nyumbani, wakampa kura.

Naye aliwaahidi kitu kimoja tu, daraja.

Daraja la magogo lililokuwepo lilichukuliwa na mafuriko ya Aprili. Jescah aliolewa ng'ambo ya pili, na mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa mwishoni mwa Machi. Risper, mke wa Hezekiah, alikuwa hajamwona. Kuzunguka kwa barabara kuu ilikuwa safari ya siku nzima, na goti lake la kulia halikukubali hata safari ya kwenda kisimani. Hezekiah alimwambia ashuke tu hadi ukingoni, Jescah amwinue mtoto kutoka kule amwone.

"Mjukuu wangu haonwi kutoka mbali kama moto wa nyasi," Risper alijibu. "Nitamwona nikiwa na kuku wangu, ingokho, mkononi na unga kichwani. Wewe si diwani? Nipe njia."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi akimwekea uji, alikuwa akimuuliza, "Diwani, mto umekauka?"

Ndipo barua ikaja kwamba baraza la madiwani linaruhusiwa kuomba mkopo wa serikali kwa kazi za maendeleo, na kwamba afisa atatoka Nairobi kulipokea ombi lenyewe. Mwenyekiti Onesmus, aliyekuwa fundi cherehani na bado alizungumza kama mtu mwenye pini mdomoni, akasoma barua kwa sauti. Sifuna, msimamizi wa kazi za ujenzi, akasema bei ya daraja anaijua, ombi liandikwe.

"Daraja peke yake?" Hezekiah akauliza, akamtazama kama mtu aliyesikia kwamba binti anatolewa bure. "Bwana Sifuna, umeoa?"

"Nimeoa."

"Msemaji wenu alitaja ng'ombe mliokuwa nao?"

"Hapana."

"Basi! Ukitaja daraja, watakupa nusu daraja. Taja daraja na vitu vingine, wavipunguze wao, wajisikie wameshinda, sisi tubaki na daraja letu."

Madiwani walipiga meza kwa furaha. Uhuru ulikuwa na miezi mitano tu, na hakuna aliyewahi kuulizwa na serikali yoyote anataka nini. Chrispinus, diwani wa ng'ambo, akaomba paa la soko, kwa sababu kina mama walikuwa wakiuza dagaa wa omena kwenye matope. Mwingine akaomba lori. Mwingine akaomba maji ya bomba yafike Amalemba. Wa tano akaomba uwanja wa mapigano ya mafahali, wenye ukuta na viti. Onesmus, kwa mzaha kabisa, akaomba mnara wa saa.

Ilikuwa mizaha, lakini mizaha ile ililala usingizi mmoja na kuamka ikiwa haki. Kufikia mwisho wa juma diwani wa mafahali alikuwa ameshagawa viti vya mbele kwa jamaa zake. Aliyeomba lori alikuwa akimtafuta dereva asiyekunywa. Onesmus mwenyewe alisimamishwa na watu njiani, akawaonyesha kwa kidole angani mahali mishale ya saa itakapokuwa, na watu wakainua shingo kutazama.

Basi Jumanne ile, kabla ya mvua, ujumbe wa madiwani ukaingia ofisini alikokuwa amekaa afisa. Jina lake lilikuwa Kipsang, kijana mwembamba mwenye tai ya rangi ya kahawia na karatasi zilizonyooka kama zilizopigwa pasi. Hezekiah alikataa kiti. Alikataa chai. Alisimama akitazama paa, kama inavyotakiwa kwa mtu anayekuja kuposa.

"Karibuni mketi, wazee wangu," Kipsang akasema mara ya pili.

"Tutaketije, na hujatuuliza tumepotea njia gani?"

Kipsang akamtazama Onesmus. Onesmus akamnong'oneza, "Muulize."

"Mmepotea njia gani?"

"Hatukupotea!" Hezekiah akanguruma kwa furaha, akaketi. "Tumesikia kwamba katika nyumba hii kuna ndama mzuri." Akatoa vijiti, akavipanga mezani mbele ya kijana. "Hili daraja. Hili paa la soko. Hili lori. Maji. Uwanja wa mafahali. Na hiki cha mwisho, kirefu kidogo, ni saa."

Kipsang alivitazama vijiti kwa muda. Kisha akafungua karatasi zake, akasema kwa upole kwamba sheria imeweka kikomo. Baraza haliruhusiwi kukopa kupita kiasi ambacho mapato yake ya kawaida yanaweza kulipa, na kwa baraza hili, kwa mwaka huu, kiasi chenyewe ni shilingi elfu sitini. Vijiti vile vyote, kwa hesabu ya Sifuna, vilikuwa laki mbili na nusu.

Moyo wa Hezekiah uliruka. Bei imetajwa! Amekubali kuoza! Alijinyoosha kwenye kiti, akaondoa kijiti cha saa polepole, kwa uchungu mkubwa. Onesmus alishika kifua, na uchungu wake haukuwa wa kuigiza.

"Tumekuheshimu," Hezekiah akasema. "Sasa na wewe panda kidogo."

"Elfu sitini, mzee."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Elfu sitini."

Hezekiah akaondoa uwanja wa mafahali. Aliusifu ukoo wa kijana ambao hakuujua. Akasimulia habari ya Uhuru, na mvua, na jinsi watu wa huku wasivyosahau wema. Kipsang alisikiliza yote kwa adabu, hata akacheka mahali pa kuchekwa, na kila alipoulizwa alijibu neno lile lile. Hezekiah alianza kumstahi. Alimgeukia Chrispinus akamwambia kwa sauti ya chini, "Huyu kijana ni baba mkwe wa chuma."

"Wewe ndiwe uliyemfundisha?" Chrispinus akajibu. "Maana mimi uliniketisha hivi hivi mpaka jua likatua."

Chrispinus alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani Jescah ameolewa na mwanawe. Ng'ombe kumi na tatu wale walitoka zizini kwake.

Mwishowe Kipsang aliweka kalamu chini. "Mzee Hezekiah, nisikilize. Mimi siuzi wala sinunui. Hata ningetaka kukuongezea shilingi moja, sina mkono huo. Hata mkubwa wangu hana. Ombi likizidi kikomo halipunguzwi. Linarudishwa lote kama lilivyo, na nafasi ya mwaka huu inafungwa. Daraja na saa vinarudi pamoja. Nami naondoka leo mchana."

Hezekiah alivitazama vijiti vilivyobaki. Alikuwa amekuja kulipigania daraja, na kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amelifunga pamoja na mzigo utakaolizamisha.

"Lakini kwa nini?" akauliza, safari hii bila sauti ya kazi yake. "Sisi ndio tutakaolipa. Watu wazima tukitaka kudaiwa, inamwuma nani?"

"Si nyinyi mtakaolipa, mzee. Mkopo huu ni wa miaka ishirini. Atakayelipa ni mtoto ambaye sasa hivi ananyonya."

Mikono mikubwa ya Hezekiah ilitulia juu ya meza. Halafu kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, kikamtoka chote.

"Jamani! Ni kama mtu aoe kwa ng'ombe wa mahari ya binti ambaye hajazaliwa!"

"Na ikiwa atazaa wavulana watupu?" akauliza Onesmus.

"Ndiyo sheria yenyewe hiyo!" Hezekiah akapiga paja. "Kijana, ungesema hivyo tangu mwanzo tusingekuchosha. Hapa tumekuja kumbembeleza baba wa binti, kumbe tuko mbele ya ukuta. Ukuta haunywi chai."

Akavikusanya vijiti. Wakati huo huo mawe ya kwanza yakagonga bati, kisha yakamwagika yote kwa pamoja, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Nje, gari la Kipsang liligeuka jeupe. Dereva alikimbilia barazani na karai kichwani, akaashiria kwa mikono kwamba hakuna mtu atakayekwenda popote mpaka mawe yaishe.

Madiwani wakavuka ua mbio kuelekea ukumbi wao, makoti yakiwa juu ya vichwa, wakipiga mayowe kama watoto wa shule. Walikuwa na muda wa mvua moja tu.

Uwanja wa mafahali na saa vilikuwa vimeshatolewa, wenyewe wakaomboleza kidogo wakanyamaza. Maji ya bomba yalivuka kikomo hata yakiwa peke yake, yakatoka. Lori likatoka kwa kura, na mwenyewe akasema afadhali, maana dereva asiyekunywa hakupatikana. Mezani vikabaki vijiti viwili: daraja na paa la soko. Sifuna akajumlisha, akajumlisha tena, akatikisa kichwa. Viwili kwa pamoja vilizidi elfu sitini. Lazima kimoja kitoke.

Hezekiah alifungua mdomo.

"Aa-aa!" Chrispinus akainua kidole. "Mwenyekiti, hapa vijiti vimeshikwa na nani?"

"Na Hezekiah."

"Na mila yetu inasemaje juu ya mshika vijiti?"

Onesmus alikuna sikio. Kila mtu mle ndani aliijua. Mshika vijiti huwasemea wengine wote, lakini hawezi kusimama kutetea kijiti chake mwenyewe. Ndiyo maana siku ya Jescah vijiti vilishikwa na kaka yake Hezekiah, na Hezekiah akawa anamkanyaga mguu chini ya meza.

"Inasema anyamaze," Onesmus akajibu.

"Basi mkwe, kaa hapo kwa adabu," Chrispinus akasema, akimsogezea kigoda kibovu cha mlinzi. "Mdomo wako uupumzishe. Siku ile uliniweka kwenye kiti cha miguu mitatu, nikanywa chai ya kwanza usiku umeingia. Leo Mungu amekukumbuka."

Hezekiah akakaa. Mawe yalikuwa yakipungua juu ya bati, na kila yalivyopungua aliona Risper na sufuria ya uji, akisikia swali la asubuhi. Daraja halikuwa na msemaji. Chrispinus alikuwa na paa lake la kutetea, na aliwaahidi kina mama wa soko kwa kiapo. Angelitetea kwa meno.

Chrispinus alizunguka meza mara mbili bila haraka. Akashika kijiti cha daraja, akakinusa.

"Bwana Sifuna. Daraja hili ni la nini?"

"La kuvukia."

"Najua la kuvukia! Avuke nani?"

"Nililichora la kupita lori."

"Lori gani?"

Sifuna akafikiri. "Lori la baraza."

"Lori la baraza tumelitoa sasa hivi," Chrispinus akasema. "Limekufa. Tunamjengea marehemu barabara?"

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Aliyekuwa mwenye lori alicheka kuliko wote. Sifuna alikuwa ameshashika penseli. Upana ndio uliokula pesa, akasema, upana na nguzo za chuma. Daraja likiwa jembamba, la mbao ngumu juu ya mawe, bei inashuka kiasi kwamba paa na daraja vyote vinaweza kuingia. Lakini jembamba kiasi gani?

"Mtu apite na mzigo kichwani," akasema mmoja.

"Na baiskeli."

"Mimi fahali wangu lazima avuke," Chrispinus akasema, "maana kila Jumamosi atakuja huku kuwapiga mafahali wenu. Na mimi natembea kando yake, sitembei nyuma. Sifuna, pima upana wa fahali na mwenyewe."

"Fahali yuko wapi?"

Chrispinus aligeuka taratibu. Wote waligeuka pamoja naye. Hezekiah, kwenye kigoda, aliona macho yote yametua juu ya kifua chake.

"Mnyama haongei," Chrispinus akasema. "Mila haijavunjwa."

Hezekiah Liyayi, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, mzee wa kanisa, akasimama. Alivua koti la harusi akalikunja. Akainama, akaweka mikono sakafuni, akapanua mabega. Chrispinus akasimama kando yake, mkono shingoni kwake kama mwenye mali. Sifuna akapita na futi.

"Fahali wangu ni mnene zaidi," Chrispinus akasema. "Vuta pumzi, mkwe."

Hezekiah akavuta pumzi. Na kwa kuwa neno lilikuwa limekatazwa, na furaha ilikuwa imemfika kooni haina pa kutokea, akainua kichwa akalia kama fahali, mlio mrefu uliotoka kifuani. Madiwani wawili wakajibu kutoka upande wa pili. Mmoja akaanza kupiga meza mdundo wa ngoma ya isukuti, Onesmus akaondoa miwani ajifute machozi, na hapo ndipo walipogundua kwamba mvua imekwisha, na kwamba Kipsang amesimama mlangoni na karatasi kwapani.

Hakuna aliyesogea.

"Baraza linaendelea?" Kipsang akauliza.

"Tunapima daraja," Onesmus akasema.

Kipsang alimtazama mzee aliyekuwa sakafuni. Mdomo wake ulitetemeka, akaushika kwa mkono. "Basi mwongezeeni kidogo," akasema. "Kwetu mafahali wana pembe za kutanuka."

Sifuna akaongeza urefu wa kiganja kila upande, akajumlisha mara tatu. Daraja la mbao na paa la soko viliingia chini ya kikomo, na pembeni kukabaki akiba ndogo.

"Akiba hiyo," Onesmus akasema kwa sauti ndogo, "haitoshi saa ya ukutani tu?"

"Mwenyekiti!" wakapiga kelele wote.

Chrispinus akaomba kura, mikono yote ikainuka. Hezekiah akaruhusiwa kusema. Alimshika mkwe wake mkono akautikisa mpaka kofia ya Chrispinus ikaanguka.

"Usinishukuru," Chrispinus akamwambia. "Mke wangu naye amechoka kusikia mtoto akisifiwa na watu wa upande wetu peke yao. Na bado ng'ombe kumi na tatu walikuwa wengi."

Kipsang akaeleza kilichobaki. Ombi likiwa chini ya kikomo, yeye hana sababu ya kulirudisha. Atalipeleka mwenyewe na kulitia saini. Lakini lazima liambatane na mchoro wa mahali penyewe, wenye vipimo vya mto kutoka ukingo hadi ukingo, na yeye ataondoka kesho adhuhuri kwa kuwa barabara ya Kisumu leo haipitiki. Sifuna akasema mchoro utakuwa tayari.

Jioni Hezekiah alifika nyumbani, magoti ya suruali yana vumbi la ukumbi. Risper alimtazama kuanzia chini kwenda juu.

"Ulikuwa unasali?"

"Nilikuwa ng'ombe."

"Na wamekulipa?"

Akamweleza yote, akisimama, akikaa, akiwa Kipsang, akiwa Chrispinus, mpaka ugali wake wa obusuma ukapoa. Alipofika kwenye mlio, majirani walisikia, mmoja akatoka kuangalia zizi lake. Risper alicheka akishika goti. Halafu akauliza jambo moja tu.

"Limepita?"

"Limeingia chini ya kikomo. Likikubaliwa huko mbele, kufikia Agosti unavuka. Mbao zitashikilia hata goti lako."

Risper alitoka nje, na Hezekiah akasikia kuku wakipiga kelele. Alikuwa akichagua wawili wa kuwafungia ndani wanenepe.

Kesho yake asubuhi, kabla ya uji, Hezekiah alishuka mtoni pamoja na Sifuna. Maji yalikuwa mekundu, yamejaa, yakibeba majani yaliyokatwa na mawe ya jana. Ng'ambo, Chrispinus, aliyezunguka usiku kucha kwa barabara kuu, alikuwa ameshafika na nyundo. Sifuna alifunga jiwe kwenye ncha ya kamba ya kupimia mto, akalirusha. Mara ya kwanza likaanguka majini, mara ya pili Chrispinus akalidaka kwa kofia, akapigilia kigingi chake, akapaza sauti juu ya ngurumo ya maji:

"Vuta, mkwe! Au jana ulimaliza nguvu?"

Hezekiah akavua viatu, akakanyaga tope mpaka likamfika kifundoni, akaizungusha kamba kiunoni, akavuta hadi ilipokaza.